Maua ya Saa Nne Jalalani

Mpaka leo nikisikia harufu ya vumbi lililonyunyiziwa maji, kabla ufagio haujapita, narudi kuwa mtoto wa miaka tisa niliyeharibu kitu na sijui pa kujificha. Wenzangu wa rika langu mliokulia Mbarara mtakumbuka viwanja vya nyumba zetu vilivyokuwa. Udongo mtupu mwekundu, umefagiwa mpaka unang'aa, na mistari ya ufagio imepangana kama nywele zilizochanwa. Nyasi zilikuwa aibu. Jani likiota mbele ya mlango, watu walisema humu ndani hamna mwanamke, au yupo lakini mvivu. Walisema pia nyoka, maana nyoka ndiye aliyetajwa kila mtu mzima alipotaka mtoto ashike ufagio. Utoto wangu wote nilimwogopa nyoka nisiyewahi kumwona, na nilifagia sana.

Kwetu kulikuwa njia ya kwenda Ruharo, nyumba ya vyumba vitatu yenye mabati yaliyoanza kupata kutu. Baba alikuwa na duka mjini, akiuza chumvi, sabuni za mche, taa za chemli na kandambili. Babu yake alikuja zamani kutoka Bukoba na biashara zake, akaoa hapa, na Kiswahili kikabaki nyumbani kwetu kikikaa vizuri tu na Kinyankole. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka sita. Baada ya hapo nyumba iliendeshwa na Senga Zaituni, dada yake baba, ambaye hakuishi nasi ila alikuja kila Jumapili kuhakikisha tungali hai na tungali safi. Senga alinipenda. Alinipenda kwa sauti kubwa, akinivuta sikio, na mimi nikimwona tu langoni nilikuwa natafuta kitu cha kufagia.

Halafu baba akamwoa Mwamini wa Nakivale. Wazazi wake walivuka kutoka Kongo akiwa bado anabebwa mgongoni, wakapata shamba katika kambi ya wakimbizi ya huko, upande wa Misiera, na huko ndiko baba alikokuwa akipeleka chumvi. Mwamini alikuja kwetu na sanduku la bati, sufuria mbili, na kapu la ukili lililofunikwa kitambaa. Senga hakuwa mtu wa kuacha kapu la mgeni bila kulichungulia. Alifunua kitambaa mbele ya watu wote.

"Banange!" akasema. "Bibi harusi ameleta chakula cha kuku!"

Ndani mlikuwa na vijiti vyekundu, vinene kama kidole cha mtoto, na vijani vya duara vilivyojaa maji, vimelala pamoja vikiwa vimesinyaa kidogo. Hapakuwa na ua hata moja.

"Haiko chakula, Senga," Mwamini akasema taratibu. "Ni maua. Mama yangu njo alinipatia, juu ya kupanda mbele ya mulango."

"Maua yenyewe yako wapi? Mimi naona majani tu."

"Itakuya. Inangojea jua."

Wageni wakacheka, na baba akacheka nao, kwa ajili ya amani. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaamua kutomtazama yule mwanamke, na ni vigumu kucheka juu ya mtu usiyemtazama.

Kesho yake alichagua sehemu mbaya kuliko zote za uwanja wetu, pale mbele ya mlango ambapo jua lilipiga asubuhi hadi jioni na ardhi ilikuwa changarawe tupu. Hata pilipili iliwahi kufia pale. Alitifua juu juu kwa jembe dogo, akachanganya mchanga, akaacha mawe madogo humo humo. Vile vijiti alivikata kwa kucha, kila kimoja urefu wa kidole, akavitandaza kwenye ungo jikoni, kivulini, akaviacha siku nzima. Nilipita pale mara tatu nikijifanya natafuta kijiko. Kidonda kikauke kwanza, alisema, kama anaongea na ungo. Ukikipanda kibichi kinaoza. Jioni akavichomeka kwenye changarawe kwa mistari, akaupiga udongo kwa kiganja, basi. Hakutia hata tone la maji.

Mimi niliona huo ni ukatili. Nilijua kutoka kwa watu wote wa duniani kwamba mmea unamwagiliwa. Nikawa kila nikitoka kutawadha nabakisha maji kidogo kwenye birika, nayamwaga pale kwa siri, nikijiona mtu mwema. Baada ya siku kadhaa mstari wa karibu na mlango ukalegea, ukawa kama uji. Mwamini alichuchumaa, akakibonyeza kijiti kimoja, akakinusa, kisha akanigeukia mimi.

"Hadija. Ni weye unamwangaka mayi hapa?"

Nikaangalia vidole vyangu vya miguu.

"Unaiua na huruma, mutoto yangu," akasema, na akaanza kucheka kidogo kidogo mpaka mabega yakatikisika. "Hii haipendake mayi mingi. Jua njo chakula yake. Uiache na njaa kidogo, utaona vile inatembea."

Kweli ilitembea. Katika wiki chache ule mmea ulilala chini ukasambaa kama jamvi, ukipita juu ya mawe, kila tawi likishika ardhi na kuanza upya. Na mimi, bila kupanga, nikaanza kukaa karibu naye. Jumamosi alinisuka. Senga alikuwa akichana nywele zangu kama mtu anayekwangua sufuria, lakini Mwamini alianzia nchani, fundo moja moja, akiniambia habari za ziwa la Nakivale na viboko wanaokula mihogo ya watu. Nilikuwa nafunga macho. Nilikuwa nafikiri, huyu asiondoke. Nilikuwa nimeshampoteza mama mmoja na nilijua jinsi nyumba inavyokuwa asubuhi inayofuata.

Kitu kimoja tu sikuweza, kumwita. Senga alikuwa ameniambia mapema kwamba mama yangu ni mmoja, na yuko makaburini, na nisije nikamsahau. Jina lake pia nisingeweza kulitaja kavu kavu kama rika langu. Basi sikumwita kitu. Nikimtaka nilikuwa namwendea na kusimama mbele yake hadi anione. Miezi iliyopita hivyo ilikuwa mingi, na nilidhani hajatambua.

Tatizo likawa mawingu. Mvua za masika zile zilikuja na kukaa, siku baada ya siku mbingu imefunikwa, na ua la saa nne haliwezi kudanganywa. Tuliliita hivyo kwa sababu Mwamini alisema kwao linafunguka jua likishapanda vizuri, saa nne hivi, na alasiri linajifunga. Bila jua halifunguki. Vitumba vilikuwa vimejaa kwenye ncha zote, vimefumba kama punje za mtama, na jamvi lote lilikuwa kijani na wekundu wa vijiti. Kwa mtu mwingine yeyote lile lilikuwa gugu, na limeota mlangoni.

Jumapili moja Senga alisimama mbele yake akishika kiuno. "Kaka," akamwambia baba, "Jumapili ijayo nakuja na wageni, wake wa watu wa msikitini. Nikikuta msitu huu bado uko hapa, huyu mwanamke rudisha kwao. Nyumba ya marehemu haikuwa hivi."

Baba akasema, "Haya, haya," jinsi alivyosema kila siku. Sasa najua kwamba Senga aliwahi kutishia kumrudisha muuza maziwa, mwalimu wangu na paka. Ilikuwa njia yake ya kusema hajapenda. Lakini nilikuwa na miaka tisa. Nilisikia neno kwao, nikaliamini neno kwa neno.

Wiki nzima niliomba jua. Halikuja. Jumapili asubuhi Mwamini alienda sokoni kutafuta nyama ya wageni, baba alikuwa anaoga, na mimi nikapiga magoti mlangoni nikang'oa kila kitu. Haikuchukua muda, mizizi yake haina kina. Nilikuwa nalia huku nang'oa, na vijiti vilikuwa vinakatika na kunilowesha mikono. Mama Akello jirani, mke wa askari wa kambi ya jeshi, alinitazama juu ya ua wa mianzi na mtoto mgongoni.

"Ee, umetoa yote?" akasema. "Umefanya muzuri. Sasa nyoka hapana kuja kwa nyumba."

Nilibeba mafungu matatu hadi jalalani nyuma ya choo, nikatupa juu ya maganda ya ndizi na majivu. Nikanyunyiza maji uwanjani, nikafagia. Mistari ilinyooka. Nilijisikia nimemwokoa.

Wageni walifika kabla Mwamini hajarudi. Senga alitazama chini, akatazama tena, akanishika kidevu kwa furaha hata machozi yakamlengalenga. Baba akatoka na kanzu yake nyeupe, akaangalia ule udongo mtupu, akasema, "Ee, sasa hapa pamekuwa pa watu." Mwamini alikuwa ameshaingia langoni na nyama imefungwa kwenye jani la mgomba. Alisimama. Nilimwangalia usoni nikingoja afurahi kwamba hatarudishwa, na uso wake haukufanya kitu chochote. Akawasalimu wageni wote kwa mikono miwili. Akapika pilau, akawapakulia, akawanawisha mikono. Hakuniuliza ni nani aliyeng'oa.

Jumatatu nilipotoka shule hakuwepo. Leso yake haikuwa nyuma ya mlango. Baba alisema ameenda kwao kidogo, akachukua gazeti la zamani akalisoma upande wa juu ukiwa chini. Jumanne hakurudi. Jumatano nilikula ugali wa baba, ambao sitausema zaidi. Nilijua ni mimi. Nilikuwa nimeng'oa maua ili asirudishwe kwao, na akaenda kwao kwa sababu nimeyang'oa, na nilijaribu kulizungusha jambo hilo kichwani nikakosa pa kulishika.

Alhamisi mawingu yaliondoka kwa mara moja, jua likawaka kama halijawahi kuondoka. Hatukuwa na shule. Nilienda kumwaga majivu na nikasimama na lile kopo mkononi. Jalala lilikuwa limechanua. Juu ya maganda meusi ya ndizi, vile vijiti nilivyovitupa mizizi juu vilikuwa vimefungua maua ya manjano, pinki kali inayoumiza macho, chungwa, meupe yenye mstari mwekundu, laini kama karatasi za shashi, na nyuki wakiingia na kutoka. Yalikuwa yamelala pale siku nne bila udongo, bila mtu. Wala hayakujua kwamba yametupwa. Nilikimbia dukani kwa miguu mitupu, nusu saa ya njia, nikamwambia baba mbele ya wateja kwamba lazima twende Nakivale kesho, na kama haendi nitaenda mwenyewe.

Baba hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa haya. Kwenda kwa wakwe kumfuata mke ni kwenda kukiri, na yeye hakujua hasa anakiri nini. Alisema ana chumvi ya kupeleka Rwekubo, karibu na kambi, kwa hiyo tutapita tu. Ijumaa baada ya sala tukapanda pikapu ya rafiki yake, mimi juu ya magunia na lile kapu la ukili mapajani. Nilikuwa nimelijaza vijiti vyote vya jalalani. Tulipofika Rwekubo baba aliazima baiskeli, akaniweka kwenye keria, tukachukua njia ya vumbi kuelekea Misiera, yeye akihema. Nyumba ilipoonekana alishuka.

"Cheni imetoka," akasema. "Tangulia."

Niliitazama ile cheni. Ilikuwa mahali pake kabisa. Baba akachuchumaa akaanza kuitengeneza.

Nyumba ya wazazi wa Mwamini ilikuwa ya udongo na nyasi, na mbele yake, kutoka ukutani mpaka njiani, ardhi yote ilikuwa imefunikwa. Jua lilikuwa limeanza kushuka na maua yalikuwa yanajifunga, lakini bado rangi zilikuwepo za kutosha kunisimamisha. Hapakuwa na udongo wa kufagia. Kuku walikuwa wamezungushiwa uzio wa miiba ili wasiyale, na watu walipita kwenye mawe bapa yaliyowekwa katikati. Ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa anatupandikizia mlango wa kwao kwenye mlango wetu.

Wanawake watatu walikuwa wanatwanga sombe nyuma ya nyumba, yaani majani ya muhogo, na mwenye mgongo kwangu alikuwa yeye. Vinu vilikuwa vinagonga kwa zamu, hakuna aliyenisikia. Nisingeweza kwenda kusimama mbele yake, miti ya kutwangia ilikuwa inapanda na kushuka. Ilibidi niite. Nilifungua mdomo nikiwa sijui kitakachotoka.

"Mama!"

Wawili wakageuka, mama yake mzazi tuliyemwita Koko, na jirani yao. Yeye aliendelea kutwanga. Hakudhani anaitwa yeye.

"Mama! Mama, yamechanua! Yamechanua jalalani!"

Mti wake wa kutwangia ukabaki juu. Akageuka, akaliona kapu, akaniona mimi na vumbi la Rwekubo mpaka kwenye kope. Nilianza kueleza yote kwa pamoja, Senga, wageni, nyoka, mawingu, kwamba sikutaka arudishwe, na nikashindwa kumaliza. Akaja akachuchumaa. Akafunua kapu, akaingiza mkono wake wenye kijani cha sombe, akachambua vijiti kimoja kimoja.

"Uko unalia juu ya nini?" akasema. "Haya yote iko muzima."

"Umeondoka kwa sababu yangu."

"Nani alikuambia nimeondoka?" Akanipangusa pua kwa ncha ya kitenge chake. "Nilikuya tu kutafuta ingine mbegu kwa mama. Ile ya kwetu iliisha. Kesho nilikuwa narudia. Koko, si njo vile?"

Koko alimtazama binti yake, akasema, "Njo vile. Mbegu." Akarudi kwenye kinu.

Nilicheka kwa kulia, au nililia kwa kucheka, sikumbuki. Siku nne za mateso, na mwenzangu alikuwa amekwenda kutafuta mbegu! Baba aliletwa, mikono michafu kwa grisi, akakalishwa, akapewa maji. Akasema akiangalia yale mawe bapa kwamba labda hata kwetu yanaweza kuwekwa kama haya, yeye mwenyewe atayatafuta. Nadhani ile ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa kuhusu mapenzi. Kesho yake tulirudi kwa pikapu na kapu langu, na sanduku la bati ambalo niliambiwa limejaa mbegu za Koko.

Tulipanda upya pamoja. Nilikata kwa kucha, nilitandaza kwenye ungo, nilingoja kidonda kikauke, sikumwagilia. Kiangazi kilikuja, visima vikapungua, migomba ya majirani ikakunja majani, na mlango wetu ukawaka rangi kila siku saa nne mpaka wanafunzi wakawa wanapita njia yetu makusudi. Mama Akello aliomba vijiti akapeleka kambini kwa wake wa askari wenzake. Senga alishikilia msimamo wake miezi mitano. Siku moja nilikuta ameficha kijiti ndani ya pochi yake, pamoja na tasbihi, na kwake akakipanda nyuma ya jiko ambapo hakuna mgeni angeona. Mimi nilibaki na neno mdomoni, Mama, na lilizoea haraka kama kitu kilichokuwa na mahali pake.

Hadithi hii niliisimulia sana nilipokuwa mkubwa. Niliisimulia kama kichekesho, mtoto mjinga aliyedhani mama yake amemkimbia kumbe amekwenda kutafuta mbegu. Mara ya mwisho niliisimulia kwa wanangu, jikoni kwangu, tukiwa tunachagua maharage. Mama alikuwa amekuja kukaa nasi wiki mbili, amezeeka, miwani imefungwa kwa uzi. Watoto walicheka pale pa cheni ya babu yao. Wakatoka kwenda kucheza. Yeye hakucheka.

"Hadija," akasema, akitupa jiwe dogo pembeni. "Ile siku sikukuyaka kutafuta mbegu."

Nikasimamisha mikono.

"Nilikuyaka kwa mama kukaa. Nguo zangu zote zilikuwa mu ile sanduku. Weye ulikuwa mutoto, sikukukasirikia. Lakini baba yako alisema ile fasi, pale mbele ya mulango, sasa imekuwa ya bantu. Nikajiuliza, sasa miye pale nilikuwa nini?" Akapuliza maganda. "Nilikuwa nimemaliza."

"Na mbegu?"

"Mbegu niliifikiria wakati nilikuona na kapu."

Hofu ilinishika pale pale, na maharage mapajani, mwanamke mzima mwenye watoto wake. Ilikuwa imechelewa miaka yote ile na ilikuwa na nguvu zake zote. Maisha yangu na yeye, kusukwa, kusomeshwa, kuozwa, mikono yake iliyowapokea wanangu wote wawili, yalipitia kwenye tundu dogo kiasi hicho, na mimi nilikuwa nachekesha watu nayo. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia siku zote hizi.

"Mutoto ametoka Mbarara mpaka Nakivale," akasema, "ameniita mbele ya bantu. Ningemujibu nini? Nimwambie miye haiko mama yake?"

Akasogeza ungo wake karibu na wangu, akaniambia nichague vizuri, maharage yangu yana mawe.